Sila ya vitofali vya uani: ya utando au ya kupenya?

MwenyeUa

Salaam kwenu nyote. Nimemaliza kutandaza vitofali vya zege, ambavyo wengine wenu mnaviita kabro na wengine pevingi, kwenye ua wa mita za mraba 90 hivi. Sehemu kubwa ni maegesho na njia ya gari. Pembeni kuna kijia nilichokitandika matofali ya udongo wa kuchoma, na mbele ya baraza kuna vipande vya mawe ya chokaa. Kazi imetimiza wiki tano sasa. Vitofali vya zege ni mchanganyiko wa vyekundu na vya kijivu, na wekundu huo ndio ulionifanya nianze kutafuta sila, yaani dawa ya kupaka juu ili kukinga sakafu na maji na uchafu, kwa kuwa nimeona nyua kadhaa ambazo baada ya miaka michache hutambui tena kipi kilikuwa chekundu na kipi kilikuwa cha kijivu.

Muuzaji mmoja amenishauri nichukue sila ya akriliki yenye thina, ile inayoacha mng'ao na kuifanya rangi ionekane kama imelowa maji. Mwingine alinikatalia kabisa, akanielekeza kwenye sila ya kupenya ambayo ikishapakwa haionekani hata ukiitafuta. Fundi aliyenitandazia yeye hajali ni ipi, ilimradi nipake upesi kabla mafuta ya gari hayajaingia. Wakati huohuo naona unga mweupe umeanza kuchomoza juu ya vitofali, hasa vile vyekundu. Nikiuosha unatoweka, ua ukikauka unarudi.

Ningependa kujua tofauti ya kweli kati ya sila hizi mbili, kama moja inaweza kutumika kwa aina zote tatu za sakafu niliyo nayo, na kama huo unga ni sababu ya kupaka haraka au ni sababu ya kusubiri.

FundiMianya

Ndugu MwenyeUa, nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ndilo litakaloamua mengine: subiri.

Huo unga mweupe ni chokaa inayotoka ndani ya zege lenyewe. Saruji inapokomaa huzalisha kalsiamu hidroksidi, ambayo huyeyuka kidogo katika maji. Maji hayo yanapopanda na kukaukia juu, huiacha usoni mwa kitofali, nayo ikikutana na kaboni dioksaidi ya hewani hugeuka kuwa kalsiamu kaboneti, ambayo haitoki tena kwa maji matupu. Kwa hiyo mara nyingi unapodhani umeuosha ukaondoka, haukuondoka. Kitofali kilicholowa huuficha tu, na kikikauka kinauonyesha tena. Vyekundu havitoi chokaa zaidi ya vya kijivu, ila weupe juu ya wekundu huonekana kwa urahisi.

Watengenezaji wengi wa vitofali hushauri kusubiri siku 60 hadi 90 baada ya kutandaza, ili chokaa hiyo itoke na kuisha, kisha isafishwe ndipo sila ipakwe. Zile siku 28 ambazo mafundi tunapenda kuzitaja ni za nguvu ya zege, nazo hazisemi lolote kuhusu kukoma kwa unga. Ukipaka utando juu ya chokaa ambayo bado inatoka, weupe utajikusanya chini ya utando, mahali ambapo brashi yako haifiki wala dawa haifiki, na njia pekee ya kuutoa itakuwa kuuvua utando wote.

Sasa kuhusu tofauti. Sila za utando, ambazo nyingi ni za akriliki na chache ni za poliurethani, huacha ngozi nyembamba juu ya kitofali. Ngozi hiyo ndiyo inayopokea msuguano, mafuta na uchafu badala ya kitofali, ndiyo inayoleta mng'ao, na ile iliyotengenezwa kwa thina ndiyo inayoikoleza rangi zaidi. Sila za kupenya, ambazo msingi wake ni silani, siloksani (kemikali za jamii ya silikoni) au mchanganyiko wa hizo mbili, haziachi ngozi yoyote. Huingia kwenye vinyweleo vya zege, hushikamana na kuta zake, na kuzifanya zikatae maji, huku vinyweleo vyenyewe vikibaki wazi. Molekuli za silani ni ndogo, hivyo huzama zaidi na hufaa zege lililoshikamana sana. Za siloksani ni kubwa kidogo na hufanya kazi karibu na uso, jambo ambalo kwa vitofali vyenye vinyweleo vingi si kasoro.

Neno "kubaki wazi" ndilo ningependa ulitilie maanani. Vitofali vyako havikukaa juu ya karatasi ya nailoni, vimekaa juu ya mchanga, na mchanga huo umekaa juu ya kifusi kilichokaa juu ya ardhi. Kila mvua inapita kwenye mianya na kulowesha mchanga ule, na unyevu huo lazima urudi juu kama mvuke. Sila ya kupenya inauruhusu. Utando unauzuia kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hutegemea aina yake na, zaidi ya yote, unene ulioupaka. Watu huuliza sila ipi inazuia maji vizuri zaidi, wakati swali gumu ni ipi inaruhusu maji yaliyo chini yatoke.

Mwisho, kuhusu wekundu wako kupauka. Rangi nyekundu ya vitofali vya zege kwa kawaida ni oksidi ya chuma, jamaa wa karibu wa kutu, na jua haliisumbui sana. Kinachoonekana kama kupauka mara nyingi ni mambo mawili: unga wa chokaa uliotanda juu, na kulika kwa saruji ya usoni hadi chembe za mchanga na kokoto, ambazo hazikutiwa rangi, zinaanza kuchungulia. La kwanza linasafishika. La pili huletwa na magurudumu, nyayo na mashine ya kuoshea kwa presha inayoshikwa karibu mno, na sila ya kupenya haitalizuia kwa sababu haina ngozi ya kulika badala ya kitofali.

RolaMkononi

Naunga mkono kusubiri, na ninasema hivyo kwa sababu mimi sikusubiri.

Nilipaka akriliki ya thina kwenye ua wangu siku ya pili baada ya kuuosha. Uso ulikuwa mkavu kabisa kwa macho na kwa kiganja. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ulitoka vizuri mno, kiasi kwamba nilishawishika kupaka wa pili mnene ili mng'ao ukolee. Kesho yake asubuhi, robo nzima ya ua, upande ule unaopata kivuli, ilikuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Nilidhani ni chokaa, nikasugua kwa brashi na tindikali, na weupe haukujali, kwa sababu ulikuwa ndani ya utando wenyewe: unyevu uliopanda kutoka kwenye mchanga ulikwama chini ya akriliki na kuitia ukungu.

Baadaye nilielekezwa nipitishe rola yenye ksilini tupu, aina ya kiyeyushi, juu ya sehemu zilizofanya ukungu. Ksilini huilainisha tena akriliki ya thina, mvuke uliokwama hupata njia, na utando hujipanga upya. Ilifanikiwa mahali ambapo nilipaka kwa wembamba. Mahali nilipopaka kwa unene haikufua dafu, na ilinibidi nivue kila kitu kwa dawa ya kuvulia rangi, kazi iliyonichukua siku nyingi kuliko kutandaza vitofali vyenyewe. Anayefikiria njia hiyo ajue kwamba ksilini inashika moto kwa wepesi na moshi wake si wa kuvutwa. Barakoa ya kitambaa haisaidii chochote, inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na pasiwe na sigara wala cheche karibu.

Jambo la pili ambalo muuzaji hakuniambia ni utelezi. Njia yangu ina mteremko. Kitofali kitupu kina ukwaru wake, utando unaujaza. Mvua ya kwanza ilinifundisha kutembea upya. Siku hizi najua kuna chembechembe za kuchanganya kwenye mkono wa mwisho ili kurudisha ukwaru, lakini nilipojua nilikuwa nimekwisha kuanguka mara mbili.

UaBilaSila

Samahani nikiwaharibia mazungumzo, lakini nadhani mmeruka swali la kwanza, nalo ni kama ua huu unahitaji sila yoyote.

Kitofali cha zege kilichotengenezwa vizuri hakihitaji sila ili kidumu. Kiwango cha Marekani cha ASTM C936 kinataka vitofali vya kutandaza viwe na nguvu ya kuhimili mgandamizo ya wastani wa megapaskali 55, na ufyonzaji wa maji ambao kwa wastani hauzidi asilimia 5. Kile cha Ulaya, EN 1338, daraja lake linalopimwa kwa ufyonzaji wa maji linaishia kwenye asilimia 6. Kitofali cha namna hiyo hupitiwa na malori bandarini bila kupakwa chochote. Sila ni suala la sura na urahisi wa kusafisha, na hakuna ubaya katika hilo, ila mtu asiambiwe kwamba asipopaka ua utabomoka.

MwenyeUa anaweza kujipimia mwenyewe. Chukua kitofali kimoja kilichobaki, kianike siku kadhaa hadi uzito wake usishuke tena, kipime, kizamishe kwenye maji saa 24, kifute uso, kipime upya. Kitofali cha kawaida cha milimita 200 kwa 100 kwa 60 kina uzito wa kama kilo 2.7, hivyo asilimia 5 yake ni gramu 135 hivi. Jua halikaushi kama tanuri la maabara, kwa hiyo hicho unachokipata ni makadirio yanayopungukiwa kidogo na ukweli. Hata hivyo, kikinywa gramu 100 au chini yake, una kitofali kizuri, na pesa ya sila unaweza kuitumia kwenye mchanga wa mianya na maji ya kuoshea. Kikinywa gramu 250, basi hapo naungana nanyi, kipakwe, tena sila ya kupenya, ijapokuwa ningekuwa mimi ningeanza kwa kumrudia aliyeniuzia.

Kasoro kubwa ya sila, hasa ya utando, ni kwamba ukishaianza umejifunga. Utando wa akriliki juani na chini ya magurudumu unahitaji kurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na ukiuacha hauishi kwa usawa: unabanduka kwenye njia ya magurudumu na kubaki pembeni, ua ukawa na mabaka kama ngozi yenye choa. Ile ya kupenya angalau inakufa kimyakimya.

FundiMianya

UaBilaSila, sipingani nawe kuhusu vitofali vizuri. Ninachoongeza ni kwamba watu wengi hawakupata hivyo. Wamepata vilivyofyatuliwa kwa saruji pungufu na mtikiso hafifu, na aliyewauzia hatavichukua tena vikiwa vimeshatandazwa. Kwao sila ya kupenya ina maana zaidi ya sura. Vilevile penye baridi ya kugandisha, ambako maji yakiwa barafu hutanuka kwa asilimia 9 hivi, kitofali kinachonywa maji kidogo hupasuka kidogo. Hapo tena ni ya kupenya. Utando unaofungia maji ndani kabla ya barafu ni kama kukisaidia kitofali kipasuke.

MkemiaRangi

Nafanya kazi na rangi na sila kwa muda mrefu, na ningependa kuzungumzia zile sehemu mbili ndogo ambazo bado hazijajibiwa, kwa sababu ndizo zitakazoharibika kwanza ikiwa ua mzima utapakwa kitu kimoja.

Mawe ya chokaa ni tofauti na zege kwa namna mbili. Kwanza, silani na siloksani hushikamana na silika, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga, ambayo imejaa ndani ya zege, matofali ya udongo na mawe ya mchanga, lakini katika jiwe la chokaa safi ni haba. Zitazuia maji kwa muda, kisha zitakuangusha mapema kuliko muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa hiyo tafuta sila ya kupenya ambayo mtengenezaji ameandika waziwazi kwamba inafaa chokaa na marumaru. Pili, na hili ni kubwa zaidi, ile dawa ya tindikali ya kusafishia unga mweupe hailitofautishi jiwe la chokaa na unga huo. Kikemia ni kitu kilekile, kalsiamu kaboneti. Tone likidondokea hapo linachemka, na jiwe lililokuwa laini linabaki na kovu lisilong'aa. Safisha vitofali vya zege kwa mwelekeo ambao maji ya suuza hayapiti mbele ya baraza, na loweka mawe kwa maji mengi kabla hujafungua chupa ya tindikali. Hata kwenye zege yenyewe, iwe hafifu, isikae zaidi ya muda ulioandikwa, na ijaribiwe kwanza pembeni, kwa sababu ikizidi hula saruji ya usoni na kufanya haraka kile kile ambacho magurudumu yangekifanya kwa miaka.

Matofali ya udongo wa kuchoma yasipakwe utando kabisa. Hunyonya unyevu kutoka ardhini, huupandisha, na pamoja nao hupanda chumvi zilizo ndani yake au kwenye mchanga. Chumvi hizo zikizuiwa na utando hujikusanya na kuwa fuwele chini ya uso, fuwele hukua, na ganda la tofali linabanduka kama magamba. Siloksani ya maji inafaa, au yaachwe yalivyo.

Niseme pia maneno mawili kuhusu makopo, kwa kuwa maandishi yake mara nyingi hutunga zaidi kuliko kueleza. Neno "inapumua" halina maana mpaka uone kiasi cha mango kilichomo, yaani kile kinachobaki kimiminika kikishakauka: akriliki yenye mango asilimia 15 ikipakwa nyembamba hupitisha mvuke vizuri zaidi kuliko yenye asilimia 30 iliyopakwa mara mbili. Epoksi isitumike nje, jua huigeuza njano. Poliurethani ziko za aina mbili, alifatiki na aromatiki. Ya kwanza ndiyo inayostahimili jua. Pia sila za kupenya hukataa maji, lakini mafuta ya injini hayaogopi neno "silani". Kwenye maegesho tafuta ile iliyotiwa viambata vya florini, ambavyo ndivyo vinavyoyakataa maji na mafuta kwa pamoja. Huuzwa ghali zaidi, lakini huhitaji kupaka ua mzima. Sehemu linaposimama gari inatosha.

MwenyeUa

Nawashukuru sana. Nimechukua siku kadhaa kufanya mlichosema kabla ya kurudi.

Nimezamisha vitofali vitatu vilivyobaki. Viwili vilinywa gramu 150 na ushee, kimoja gramu 190. Sijui kama nifurahi au nihuzunike, ila nadhani viko kati ya vile vya UaBilaSila na vile vya FundiMianya. Nilidondosha pia matone ya maji uani, na yakatoweka chini ya nusu dakika kwenye vyekundu. Kwenye mawe ya chokaa yalikaa kama dakika tano. Wazo la mng'ao nimeliacha, hasa baada ya kisa cha RolaMkononi, kwa kuwa nina wazee nyumbani na mteremko wangu si haba.

Yamebaki matatu. Nitajuaje kwamba chini ni pakavu kweli, ikiwa macho na kiganja vilimdanganya mwenzangu? Mchanga wa mianya uliopungua niujaze kabla au baada ya sila? Na upakaji wenyewe una siri gani? Kopo linasema tu "paka kwa usawa".

FundiMianya

Vitofali vyako si vibaya na si vya kujivunia, na ufyonzaji wa namna hiyo unafaa siloksani au mchanganyiko wa silani na siloksani. Kwenye nafasi ya gari fuata ushauri wa MkemiaRangi.

Kuhusu ukavu, kata nailoni nzito inayopitisha mwanga, yenye upande wa sentimita 45 hivi, ibandike kingo zote nne kwa utepe, iache angalau saa 16. Usiiweke sehemu moja tu. Weka moja juani, moja kivulini na moja mahali ambapo maji hutuama. Ukikuta matone chini ya nailoni au kitofali kimekoza rangi, bado. Kipimo hiki kimewekwa kwa ajili ya sakafu za zege na si vitofali, kwa hiyo hewa inayopita kwenye mianya inaweza kukufariji kwa uongo. Ndiyo sababu mimi hung'oa pia kitofali kimoja kivulini na kuutazama mchanga ulio chini yake. Mchanga ukifinyangika mkononi, narudi nyumbani. Sila ya kupenya, hasa ya maji, huvumilia unyevu vizuri kuliko utando, lakini vinyweleo vilivyojaa maji havina nafasi ya kupokea kitu kingine.

Mchanga ujazwe kabla, baada ya kuosha na kukauka. Uupitishe kwa brashi, ugonge kwa kompakta (mashine ya kushindilia) yenye mpira chini au angalau uuzamishe kwa kitu chembamba, ujaze tena, uishie milimita 3 hivi chini ya ukingo wa kitofali. Kisha fagia usoni mpaka vumbi liishe, tena pulizia kwa mashine ya upepo kama ipo, kwa sababu vumbi lililobaki hunywa sila iliyokusudiwa kwa kitofali. Ukitumia mchanga wa polima, ule unaoganda ukinyunyiziwa maji, uache ugande kabisa kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko wake kabla ya sila yoyote. Vumbi lake likibaki usoni maji yakaligusa, huacha ukungu wa kijivu ambao watu huisingizia sila.

Wakati wa kupaka, angalia zaidi joto la kitofali kuliko la hewa. Makopo mengi hutaka kati ya nyuzi 10 na 32 za Selsiasi, na kitofali cheusi au chekundu kilichopigwa na jua la mchana hupita nyuzi 50 bila shida, hivyo sila inakauka kabla haijazama. Anza asubuhi baada ya umande kukauka, au jioni ikiwa mvua haitarajiwi kwa saa 24. Tumia bomba la kupulizia la presha ndogo, lile la mgongoni, ambalo halijawahi kutiwa dawa ya magugu. Lowesha uso mpaka ubaki umelowa kwa dakika kadhaa, kisha mkono wa pili uje juu ya wa kwanza ukiwa bado mbichi. Sila nyingi za kupenya zikishakauka zinaukataa mkono unaofuata, jinsi zinavyoyakataa maji. Kilichotuama baada ya dakika 10 hivi kifute kwa rola kavu au kitambaa, kwa kuwa kikikaukia juu kitaacha madoa. Kwa vitofali kama vyako hesabu mita za mraba 3 kwa lita, na ununue pungufu kidogo kwanza, upake mita moja ya mraba nyuma ya nyumba, usubiri wiki, ulidondoshee maji. Jaribio hilo litakueleza kuhusu kiasi na kuhusu rangi, kwa maana hata sila "isiyoonekana" wakati mwingine hukoza kidogo.

UaBilaSila

Naongeza jambo moja kwa wengine watakaosoma hapa: kama vitofali vyenu ni vya aina ya kupitisha maji, vyenye mianya mipana iliyojazwa kokoto ndogo badala ya mchanga, msimwage sila ya kugandisha mianya juu yake. Mtakuwa mmelipia mfereji, kisha mmelipia kuuziba.

RolaMkononi

Na wale ambao ua wao ulishawahi kupakwa kitu wasichokijua, kama nyumba mliyoinunua, dondosheni kwanza maji mahali pasipoonekana. Yakizama, pakeni ya kupenya. Yakikaa juu, sugueni hapo kwa pamba yenye ksilini kidogo. Pakinata kama gundi, ni akriliki ya thina, na sila ya kupenya haitapita mpaka hiyo ivuliwe. Pasiponata na maji bado yanakaa juu, huenda kuna siloksani ya zamani, na akriliki mpya haitashika vizuri juu yake.

MwenyeUa

Nimebandika nailoni tatu jana jioni. Ya juani ilikuwa kavu, ya katikati kavu, ya kivulini karibu na bomba ilikuwa na matone ya kutosha kuandika jina kwa kidole. Nimeng'oa kitofali hapo na mchanga umefinyangika kama FundiMianya alivyosema, kumbe kiungo cha bomba kinavuja chini kwa chini. Ninakirekebisha kwanza, kisha nitasubiri wiki ya 10 ndipo nisafishe unga na kupaka kile kipande cha mita moja. Mawe ya baraza nitayaacha yalivyo kwa sasa.

MkemiaRangi

Afadhali umekigundua sasa. Ukishakirekebisha, bandika nailoni palepale tena baada ya siku saba kabla hujafungua kopo, na kile kitofali ulichong'oa kirudishe bila kukipaka pembeni, ili uweze kukitoa tena bila kuharibu majirani zake.